Kutafuta asili ya rili ya Kiayalandi: kitabu, santuri, database au app, uanze na ipi?

Wadau wa fidla, filimbi na kodiani, hili swali linajirudia sana kwahiyo nalijibu mara moja kwa urefu. Mtu kasikia rili ya Kiayalandi, imemganda kichwani, anataka vitu viwili: nota za kujifunzia, na rekodi ya zamani kadiri inavyopatikana ili ajue wenyewe walikua wanaipigaje. Anaingia mtandaoni anakuta tuni moja ina majina matatu, nota hazifanani, video kibao kila mtu anapiga ya kwake, anachoka anadownload PDF ya kwanza aliyoiona na kesho yake anatuambia "hii ndo orijino". Hamna kitu kama hicho jamani, orijino kwenye huu muziki ni neno la kuogopa.

Kwa mgeni kidogo: rili ni muziki wa kuchezea, unahesabu nne kwenye kila kipimo (wengine wanahesabu mbili nzito), nota za haraka zinamiminika nane nane bila kupumua, na kawaida ina sehemu mbili za vipimo vinane vinane, ya kwanza unarudia, ya pili unarudia, afu mnazunguka tena kutoka juu. Zipo zenye sehemu nyingi zaidi, The Bucks of Oranmore ina tano, ila hizo tuziache kwa leo.

Msimamo wangu nauweka mapema ili usije kusema nimekuzungusha. Kama shida yako ni kuipiga vizuri, anza na rekodi. Kama shida yako ni kujua imetoka wapi, anza na kitabu chenye maelezo. Database za mtandaoni ni dalali, anakuonyesha nyumba fasta na anajua mtaa mzima, lakini hati unaenda kuiangalia mwenyewe.

Vitabu: O'Neill au Breathnach

Hawa ndo wakubwa wawili na watu wanawachanganya wakati kazi zao ni tofauti kabisa.

Francis O'Neill alizaliwa 1848 Tralibane, karibu na Bantry kaunti ya Cork, akaondoka kijana akaingia ubaharia, baadae akaishia Chicago ambako alipanda ngazi mpaka akawa mkuu wa polisi wa jiji kuanzia 1901 hadi 1905. Ndio, mkuu wa polisi. Chicago ya wakati ule ilikua imejaa wahamiaji kutoka kila kaunti ya Ayalandi, kwahiyo jamaa alikua na wapigaji wa kusini na kaskazini wote ndani ya mji mmoja, kitu ambacho mtu aliyebaki kijijini kwao asingekipata hata angetembea mwaka mzima. Tatizo ni kwamba kuandika nota haikua fani yake, kwahiyo yeye alikua anazipiga au anazihumu tuni na mwenzie James O'Neill anaziandika. Mwaka 1903 kikatoka kitabu cha tuni 1,850, na 1907 kikafuata kingine cha tuni 1,001 za kuchezea peke yake. Hicho cha pili kilienea mpaka wapigaji wakawa wanakiita "kitabu" basi, ukisema kitabu kila mtu anajua.

Faida ya O'Neill ni wazi: haki miliki imeshaisha, skani ziko bure Internet Archive, na karibu kila rili kongwe unayoisikia utaikuta mle kwa sura fulani. Na kile cha 1903 kina kitu kizuri ambacho wengi hawakioni, juu ya tuni nyingi kumeandikwa jina la mtu aliyeileta. Ila nota zenyewe ni mifupa. Mapambo ni machache, upinde wa fidla hauoneshwi inavyotakiwa, na tuni imeandikwa mara moja tu wakati mpigaji halisi harudii raundi mbili zikafanana. Ukiipiga kama ilivyo kwenye karatasi inasikika kama mtihani wa muziki wa darasani, hata Muayalandi mwenyewe hataitambua vizuri.

Breathnach ni mwingine. Breandán Breathnach alikua mpiga paipu (zile za Kiayalandi ambazo upepo unasukumwa kwa kiwiko, sio kwa mdomo), na mwaka 1963 alitoa juzuu ya kwanza ya Ceol Rince na hÉireann, tuni zaidi ya 200. Ya pili ikaja 1976, ya tatu 1985 mwaka aliofariki, afu Jackie Small akamalizia ya nne na ya tano kutokana na mkusanyiko wa Breathnach. Huyu hakukusanya kutoka kwenye kumbukumbu za watu wa ughaibuni, alichukua kwa wapigaji waliokua hai wanapiga, anakutajia nani alipiga, na nyuma ya kitabu kuna maelezo ya kila tuni: majina mengine iliyonayo, vitabu vya zamani ambako imewahi kuchapwa, tuni ndugu zake. Kwa mtu anayefuatilia asili hayo maelezo ya nyuma ndo dhahabu, yaani mimi naanza kusoma huko kabla hata ya kuangalia nota. Kikwazo ni lugha, kitabu kimeandikwa kwa Kiayalandi. Majina ya watu, miaka na majina ya vitabu unayasoma tu hata kama sentensi huzielewi, na hayo ndo robo tatu ya unachohitaji.

Kwahiyo O'Neill ukitaka wingi na bure, Breathnach ukitaka njia ya kurudi nyuma. Mwenye hela ya kitabu kimoja tu anunue Breathnach juzuu ya kwanza, O'Neill yuko bure hataki hela yako.

Mtego mmoja hapa muuangalie sana. Mwaka 1976 kilitoka kitabu kingine chenye jina la O'Neill, kimehaririwa na Miles Krassen, na humo nota zimebadilishwa zifanane zaidi na wanavyopiga wapiga fidla. Ni kitabu kizuri, kwa kujifunzia pengine kinamzidi cha zamani. Lakini mtu akikwambia "O'Neill kaandika hivi" muulize O'Neill yupi, maana unaweza kubishana na mtu wiki nzima mmoja kashika 1907 mwingine kashika 1976, wote mna haki na wote hamuelewani.

Na kama unataka kwenda nyuma ya hao wote, kuna kazi ya Aloys Fleischmann iliyotoka 1998, juzuu mbili nene, karibu melodi 7,000 kutoka vyanzo vya mwaka 1600 hivi hadi 1855. Bei yake usiulize, hiyo ni ya kwenda kusomea maktaba.

Mfano wa kwanini vitabu vya zamani vina maana: Miss McLeod's. Kila mtu anaipiga kama rili ya Kiayalandi, watoto wanaanza nayo. Ukirudi nyuma unaikuta Uskoti, kwenye mkusanyiko wa tano wa familia ya Gow (wapiga fidla wa huko) wa mwaka 1809, inaitwa Mrs MacLeod wa Raasay, kisiwa cha huko juu karibu na Skye. Ukivuka bahari kwenda Marekani unaikuta kwa wapiga fidla na banjo wa vijijini kwa jina la Hop High Ladies. Santuri peke yake isingekuonyesha njia hiyo, na sikio peke yake pia lisingekuonyesha, karatasi ndo imeshika tarehe.

Santuri: ghafi au iliyosafishwa

Sasa tuje kwenye sauti, na hapa nitakaa kidogo maana ndo kwenye utamu.

Mtu wa kuanzia ni Michael Coleman, mpiga fidla wa Killavil kaunti ya Sligo, kazaliwa 1891, kahamia Marekani 1914, karekodi New York kuanzia 1921 hadi 1936. Santuri zake zilirudishwa Ayalandi kwa meli kwenye mizigo ya wahamiaji na zikabadilisha upigaji wa nchi nzima, mtu wa Kerry anajifunza kupiga kama mtu wa Sligo kupitia gramafoni. Mwaka 1934 alirekodi kampuni ya Decca rili tatu mfululizo: The Tarbolton, The Longford Collector, The Sailor's Bonnet. Hadi leo watu wakianza Tarbolton kwenye kikao cha muziki, chumba kizima kinajua zinazofuata ni zipi na kwa mpangilio gani. Sio kwamba mababu walizipanga hivo, ni santuri moja tu iliyozifunga pamoja. Kwahiyo ukikuta mtu anakwambia hizo tatu "zinaenda pamoja kwa jadi" ujue jadi hiyo ina lebo na namba. Na Tarbolton yenyewe jina lake ni la kijiji cha Ayrshire, Uskoti, tunarudi kulekule.

(Sisi mambo haya tunayajua. Siti binti Saad alivyoenda Bombay kurekodi 1928 zile santuri zilifanya kazi ileile kwa taarab, zilisafiri kumzidi mwenyewe.)

Una njia mbili za kumsikia Coleman. Ya kwanza ni santuri ghafi iliyodijitiwa, ziko nyingi Internet Archive, bure, zinakwaruza kama chapati inakaangwa. Ya pili ni zilizosafishwa, ile seti ya CD mbili ya 1992 iliyosimamiwa na Harry Bradshaw, ina kijitabu chenye maisha yake. Kwa masikio nachagua iliyosafishwa bila kufikiria mara mbili. Kwa utafiti nachagua ghafi, kwasababu kwenye ghafi mara nyingi unapata na picha ya lebo, na lebo ina namba, na namba ndo inakupa tarehe. Unachukua namba unaipeleka kwenye ile diskografia ya rekodi za kihistoria za Marekani iliyoko Chuo Kikuu cha California pale Santa Barbara, kifupi chake DAHR, unaandika jina la mpigaji au namba, inakupa siku ya kurekodi, mji, na kama walirekodi mara mbili tatu ipi ilitolewa. Ni bure na ukiizoea unaacha kabisa kuamini tarehe za kwenye YouTube, maana huko watu wanaandika mwaka wa CD wanauita mwaka wa rekodi.

Mambo ya kuangalia kwenye hizo santuri kabla hujaandika nota zako:

Spidi. Zinaitwa 78 lakini mashine hazikua zikizunguka 78 kamili kila siku, na aliyeidijiti nae anaweza kukosea, kwahiyo rekodi inaweza kuwa juu au chini nusu nota. Usikimbilie kuandika kwamba Coleman alipiga kwenye Mi bemoli (Mi iliyoshushwa nusu). Sikiliza nyuzi wazi za fidla zinaliaje, hizo zinakwambia vidole vilikua wapi, afu rekebisha spidi mpaka zikae sawa. Programu ya sauti ya Audacity inatosha.

Muda. Upande mmoja wa santuri ni kama dakika tatu, basi. Ndo maana anapiga kila rili mara moja au mbili anakimbilia inayofuata. Sio mtindo wa kijijini, ni nafasi imeisha.

Piano. Kwenye nyingi kuna mpiga piano ambaye hajui tuni inaenda wapi, anagonga kodi (nota kadhaa kwa pamoja) za kwake huku Coleman anaenda zake. Usichukue kodi hizo ukasema ndo hamoni ya asili, utachekwa.

Na majina kwenye lebo usiyaapie. Kampuni ziliandika walichosikia, au waliandika jina la tuni ya kwanza tu zile nyingine zikaachwa, ndo maana mpaka leo kuna rili zinaitwa kwa jina la mtu aliyezirekodi.

Kuna kitu cha zamani kuliko santuri, silinda za nta. Patsy Touhey, mpiga paipu mkali wa Marekani (1865 hadi 1923), alikua anarekodi silinda nyumbani anaziuza kwa posta, yaani biashara ya mtandaoni kabla ya mtandao. O'Neill nae alikua na silinda, zilionekana zimepotea miaka mingi, kumbe zingine zilikua zimehifadhiwa na familia ya Dunn, sasa ziko kwenye hifadhi ya Ward kule Milwaukee. Sauti ni mbovu, utasikia kelele kuliko muziki mwanzoni. Lakini kwa Touhey kuna uzuri wa pekee: 1986 Pat Mitchell na Jackie Small walitoa kitabu cha upigaji wake, wameandika nota kwa nota jinsi alivyopiga, hadi vidole vya paipu. Ukiweka ukurasa wa hicho kitabu pembeni ya ukurasa wa O'Neill utaelewa tofauti ya mifupa na mwili bila mtu kukufundisha.

Database: The Session, irishtune.info, Tune Archive

Hapa ndo wengi wanaanzia, sikatai, nami naanzia hukohuko nikiwa na haraka.

The Session ni ya wanachama, watu wanaweka tuni wenyewe kwa maandishi ya ABC, na tuni moja inaweza kuwa na matoleo mengi, pamoja na orodha ya albamu zilimo. ABC ni herufi tu, unaweza kuituma kwa WhatsApp. Mwanzo wa Drowsy Maggie unaandikwa hivi:

E2BE dEBE|E2BE AFDF|

Herufi kubwa ni za chini, ndogo ni za juu, 2 maana yake shikilia mara mbili. Sasa angalia Miss McLeod's, kipimo cha pili, mwandishi mmoja ataandika

B2BA BcBA

mwingine ataandika

~B3A BcBA

Ni tuni ileile kabisa. Wa kwanza kaandika mfupa, wa pili kaweka kiwimbi, yaani rolu, pale kwenye B, kidole kinazunguka nota ya juu na ya chini kwa haraka. Mtu asiyejua anaona matoleo mawili yanagombana anaanza kuuliza lipi sahihi, wakati hata ugomvi wenyewe haupo. Tofauti ya kweli ni pale nota zenye mkazo zinapobadilika, au ngazi inapobadilika, mmoja anapiga Fa ya kawaida mwingine Fa dizi (iliyopandishwa nusu). Hizo ndo za kuzifuatilia kwa nani kajifunza kwa nani.

Udhaifu wa The Session ni kwamba aliyeweka halazimiki kusema katoa wapi. Wengine wanasema vizuri kabisa, "nimeandika kutoka kwenye rekodi fulani", wengine wanaandika kutoka kichwani na makosa yao yanakopiwa kila app duniani.

irishtune.info ni kinyume chake. Haina nota za kusoma kwa wingi, imejikita kwenye kujibu swali moja: hii tuni iko kwenye rekodi zipi. Uzuri wake ni kwamba utambuzi umefanywa kwa kusikiliza, sio kwa kuamini jina la kwenye kava, kwahiyo kama albamu imeandika jina la uongo utaona. Kwa kutafuta rekodi naiweka juu ya The Session, na sio kidogo. Kwa nota The Session inashinda, hata haihitaji mjadala.

Tune Archive (Traditional Tune Archive) iko katikati, ina nota pamoja na historia ndefu ya kila tuni, imechapwa wapi, nani kairekodi. Nzuri sana kwa kuanzia, ila hizo historia zimekusanya na hadithi za vijiweni humohumo, kwahiyo ukisoma "inasemekana" ichukulie kama inasemekana.

Kama huna jina kabisa

Tumia app ya Tunepal. Unapiga au unarekodi sekunde kadhaa, inalinganisha na maelfu ya tuni zilizoandikwa kwa ABC, inakupa orodha. Kwa filimbi moja au fidla moja inafanya kazi vizuri, kwa bendi nzima yenye gitaa na bodhrán (ngoma ya Kiayalandi) inababaika. Pigia wewe mwenyewe polepole, usiishikie spika ya video. Na jibu la kwanza kwenye orodha sio lazima liwe lenyewe, angalia la pili na la tatu, rili nyingi zinafanana vipimo viwili vya mwanzo afu zinaachana.

Kama uko Dublin au unapita, nenda Merrion Square namba 73, Irish Traditional Music Archive, ipo tangu 1987. Kuingia ni bure, wana santuri, kanda, miswada, na watu wa kuwauliza ambao ukiwahumia tuni wanakujibu. Usiyepita Dublin usikate tamaa, wamedijiti vitu vingi viko kwenye tovuti yao, na ukiwaandikia swali lenye adabu na maelezo ya kutosha (umesikia wapi, umeshaangalia wapi) unapata msaada kuliko swali la "nisaidieni hii inaitwaje".

Sasa kuna kundi moja la tuni ambalo njia ya jina haifui dafu kabisa, za Paddy Fahey wa Galway mashariki (1916 hadi 2019). Alitunga rili na jigi nyingi, hakuzipa majina, zote zinaitwa Paddy Fahey's, afu yeye mwenyewe hakutoa albamu ya kibiashara kwahiyo hakuna santuri ya kurejea useme hii ndo yake alivyotaka. Kila kitabu kinazipa namba zake, Fahey namba 3 ya huyu sio namba 3 ya yule, na jina lake lenyewe linaandikwa Fahey au Fahy kutegemea na aliyeshika kalamu. Ukiombwa "ile Fahey's" usihangaike na namba, mwambie akutumie ABC ya vipimo viwili vya mwanzo, afu tafuta kwa hivyo.